Kwangu Inafanya Kazi

MUULIZE BI KASORO

Jina hili la Bi Kasoro sikujipa. Nilibatizwa mwaka 2009, wiki ya pili baada ya kutolewa dawati la huduma kwa wateja na kupandishwa ghorofa ya juu kujaribu mifumo ya malipo ya simu. Waandishi wa programu waliponiona napanda ngazi na daftari langu la mistari, mmoja akawanong'oneza wenzake, "Bi Kasoro huyo anakuja." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaliandika jina hilo kwenye kikombe changu cha chai, na kikombe ninacho mpaka leo.

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: testa na mwandishi wa programu hawapatani. Nimechagua nne. Kwanza tukubaliane maneno. Testa ni mtu anayejaribu programu kutafuta kasoro kabla hazijamfikia mteja, na tiketi ni taarifa ya kasoro anayomfungulia mwandishi wa programu kwenye mfumo wa ofisi. Ofisini kwetu waandishi wa programu tunawaita madevu, hata wale ambao kidevuni hawana unywele mmoja. Na wanachokiandika, yaani "code", nitakiita msimbo, maana kodi ni ya TRA na ya mwenye nyumba.

*

Shikamoo Bi Kasoro. Mimi ni binti wa miaka 26, testa katika kampuni ndogo hapa Dar es Salaam, nina mwaka mmoja na miezi minne kazini. Tunatengeneza mfumo wa kulipia ada za shule kwa simu. Devu wetu mkuu ni kaka hodari kweli, lakini kila nikimwandikia kasoro anaifunga tiketi kwa maneno matatu: "Kwangu inafanya kazi." Mwezi uliopita niligundua kwamba mzazi anaweza kukatwa pesa mara mbili. Nikafungua tiketi, akaifunga. Nikaifungua tena, akaifunga. Mara ya tatu nikaipiga picha, nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la kampuni, na mkurugenzi yumo, nikaandika chini yake, "Tusipotengeneza hii tutafungwa." Ikatengenezwa usiku uleule. Lakini tangu siku hiyo hanisalimii, na madevu wengine nikiingia jikoni kuchukua chai wananyamaza. Meneja wangu ananipongeza, anasema idadi ya kasoro ninazopata ndiyo kipimo changu cha mwaka. Mbona nimeshinda na sina raha? Nimekuambatanishia tiketi yenyewe.
Testa wa Sinza

Marahaba mwanangu. Tiketi yako nimeisoma mara mbili, na utanisamehe, nitaanza na wewe.

Kichwa kinasema: "PESA INAKATWA MARA MBILI!!! HARAKA SANA." Chini yake: "Nimelipa ada pesa imekatwa mara mbili. Hii ni hatari. Tafadhali rekebisha." Basi, imeisha. Sasa vaa viatu vya kaka yako. Yuko mbele ya laptopu, ndani yake ana programu ya kuigiza simu, seva ya majaribio iko humohumo. Analipa ada, jibu linarudi kabla hajapepesa macho, pesa imekatwa mara moja. Analipa tena, mara moja. Anaandika, "Kwangu inafanya kazi." Hajakudanganya. Kwake inafanya kazi kweli, na hapo ndipo penye taabu yote.

Katika ukurasa wa pili wa barua yako, ambao mhariri ameukata kwa kukosa nafasi, umenieleza ilivyokuwa. Umeme ulikatika, jenereta likawa linapiga kelele, ukatoka ukakaa kwenye ngazi za nyuma na kiswaswadu chako. Huko mtandao ni wa kubahatisha. Ukaweka namba ya siri, skrini ikakaa kimya, kisha menyu ikakatika bila kusema imefanikiwa wala imeshindwa. Ukafanya anachofanya kila mzazi wa nchi hii: ukapiga upya. Kumbe ombi la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye seva na pesa imeshakatwa. Kilichopotea njiani ni jibu tu. Ombi la pili likaenda na namba mpya ya kumbukumbu, seva ikaliona ni malipo mengine. Hiyo ndiyo kasoro. Na katika tiketi yako hakuna ngazi za nyuma, hakuna kiswaswadu, hakuna menyu kukatika. Umemwambia kaka wa watu kuna nyoka ndani ya nyumba, hukumwambia chumba.

Mimi ningeandika hivi:

"Menyu ikikatika kabla ya jibu na mzazi akapiga upya, ada inakatwa mara mbili. Simu ya vitufe, ngazi za nyuma ghorofa ya pili, Jumanne saa 5:40 asubuhi. Kwanza, chagua Lipa Ada, mwanafunzi wa majaribio, Sh 85,000. Pili, weka namba ya siri, bonyeza tuma, chomoa betri kabla jibu halijarudi. Tatu, washa simu, rudia malipo yaleyale ndani ya dakika 2. Nilitarajia mfumo uniambie malipo ya kwanza yameshapokelewa. Kilichotokea: salio limepungua Sh 170,000, risiti ni mbili. Imetokea mara 4 kati ya 5."

Alama ya mshangao hakuna hata moja. Na ile "mara 4 kati ya 5" usiidharau. Inamwambia kwamba akijaribu mara moja asiione, asifunge tiketi, ajaribu tena.

Kuna mkasa huwa nawasimulia matesta wapya. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapiga watu 6 huko Marekani na Kanada kwa mionzi iliyopita kiasi mno, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1986, katika kituo cha saratani mjini Tyler, Texas, mashine iliishia kuandika tu "Malfunction 54" kwenye skrini. Watengenezaji wakajaribu kuitokeza kasoro ile, haikutokea. Yaani, kwetu inafanya kazi. Mtaalamu wa fizikia wa kituo kile, Fritz Hager, akakaa na mwendesha mashine wakairudia na kuirudia mpaka ikawatokea. Siri ilikuwa kwenye vidole. Mwendeshaji alikuwa ameizoea kazi; akikosea herufi alirudi juu, akaisahihisha, akashuka, yote ndani ya sekunde 8, wakati sumaku za mashine bado zinajipanga. Mhandisi wa kampuni alikuwa anaandika taratibu, kwa adabu, kama mtu anayejaza fomu ya pasipoti. Hakuona kitu mpaka alipoambiwa aandike haraka.

Hager alikuwa na mtu mwenye vidole vile kando yake. Wewe ulikuwa na ngazi za nyuma, hatua chache kutoka meza ya kaka yako. Tiketi ilipofungwa mara ya pili, ungechukua kiswaswadu chako ukamwendea: "Kaka, nipe dakika 5, tushuke ngazini nikuonyeshe kitu." Devu akishuhudia kwa macho yake risiti ya pili ikiingia kwenye simu, hana haja ya kuandikiwa kwa herufi kubwa. Nimewaona wakirudi mezani mbio, chai wanaiacha ngazini.

Tuje kwenye WhatsApp. Mwanangu, ulimvua nguo mbele ya mwajiri wake. Najua ulikuwa umechoka, na najua pesa za wazazi zilikuwa zinakwenda. Kwa hiyo kwa kasoro yenyewe usiombe radhi kabisa. Omba radhi kwa kundi. Mwendee asubuhi kabla watu hawajajaa, mwambie, "Kaka, nisamehe kwa lile la kwenye kundi. Ningelileta mezani kwako." Usiongeze "lakini". Atakujibu, "Aa, yameisha." Ujue hayajaisha, atakupima wiki mbili tatu. Kasoro inayofuata mpelekee kwa miguu, simu mkononi, kabla hujafungua tiketi. Na ikitokea siku nyingine kakataa kitu kizito mara tatu, nenda kwa meneja wala usiogope, ila mwambie kwanza: "Kaka, hili nalipeleka juu, nakuambia kabla sijaenda." Kumpita mtu na kumzunguka mtu ni mambo mawili.

La meneja wako ndilo limenikosesha usingizi, maana nalijua kwa jina na kwa sura.

Kampuni niliyokuwa, sitaitaja, ilibandika ubao karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Testa akipata kasoro anapata pointi 1. Devu mwenye kasoro anapunguziwa 1. Mwisho wa mwezi mshindi anachukua vocha ya Sh 50,000. Wiki ya kwanza nilivuna pointi 11 kwa neno moja, "Karbu", lililokosewa kwenye kurasa 11. Tiketi moja ingetosha. Nilifungua 11, na nilijua ninachokifanya. Wiki ya pili madevu wakaanza kunijia kwa kunong'ona: "Bi, hiyo usiiandike, nakutengenezea sasa hivi." Nikawa mtu wa kubembelezwa. Ikifika mchana nakuta chapati mezani.

Kisha ukaja mwezi wa ng'ombe. Tulikuwa na mteja anayekopesha wafugaji. Watu wa masoko waliandika ujumbe wa kuwakumbusha marejesho, wakauandika katika Word, wakatuletea. Sasa Word ina tabia ya kuipinda ile alama iliyo katikati ya ng'ombe, ikawa kama kijimkia. Kwa macho inapendeza. Lakini alama iliyonyooka imo katika orodha ya herufi za kawaida za SMS, ambamo ujumbe mmoja unabeba herufi 160; iliyopinda haimo, na ikiingia hata moja tu, ujumbe mzima unahamishiwa orodha nyingine inayobeba herufi 70, na ukikatwa vipande kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wetu ulikuwa na herufi 148. Badala ya SMS moja zikawa tatu. Simu ya mfugaji inaviunganisha vipande na kuonyesha ujumbe mmoja, kwa hiyo mimi niliyekuwa natazama simu sikuona lolote.

Devu aliyeunganisha mfumo aliona kwenye logi zake, yaani kumbukumbu za mfumo, siku ya tatu. Akanyamaza. Mwezi ule alikuwa ameshapoteza pointi 9. Alipanga kuitengeneza kimyakimya wikiendi. Wikiendi mtoto wake akaugua, akashinda hospitali. Aliyekuja kugundua ni mhasibu, bili ya SMS ilipofika ikiwa mara tatu ya kawaida.

Ubao ulibanduliwa siku ileile. Jioni yule devu alinikuta kituoni nasubiri daladala, akaniambia, "Bi, ningekuja kukuambia siku ile ya tatu, kama si ule ubao." Nikamwamini. Nami nikamweleza habari za "Karbu". Alicheka mpaka daladala la kwanza likatupita.

Basi mwombe meneja wako akupimie kitu kingine. Ahesabu kasoro zilizomfikia mzazi, na azihesabu kwa timu nzima, testa na devu pamoja. Atasita, kwa sababu kasoro ikipenya mpaka kwa mteja watu hupenda kuuliza "testa alikuwa wapi?", na hakuna anayeuliza nani aliiandika. Usimrudishie devu mkuki huo ukafurahi. Ni mtamu siku moja tu.

*

Habari Bi Kasoro. Mimi huandika programu jijini Nairobi, huu ni mwaka wa sita. Testa wetu ni mtu mzuri lakini ananimaliza. Kazi ya siku tatu huirudisha kwa dakika kumi. Juzi alibonyeza kitufe cha "Lipa" mara saba mfululizo. Jana alitia nambari ya simu ikiwa na nafasi katikati. Leo ametuma shilingi sifuri. Nikamwuliza, ni mteja gani timamu atafanya hivyo? Akacheka. Nimechoka kurekebisha makosa ya watu wasiokuwepo.
Mja wa Tarakilishi

Pole ndugu yangu. Kazi ya siku tatu kurudi kwa dakika 10 inauma, na nyie madevu mna namna ya ajabu ya kulia. Mtu ameumia, badala ya kusema ameumia anasema, "Hakuna mteja atakayefanya hivyo."

Kauli hiyo ina historia. Margaret Hamilton ndiye aliyeongoza uandishi wa programu za kompyuta ya chombo cha anga cha Apollo, katika chuo cha MIT, Marekani. Alikuwa na binti mdogo, na siku nyingine usiku au wikiendi alikwenda naye kazini. Siku moja mtoto akachezea vitufe vya mashine ya mazoezi ya wanaanga, akaita programu ya P01, ambayo ni ya kabla ya kuruka, wakati mashine inaigiza chombo kikiwa tayari angani. Mfumo ukaanguka. Hamilton akaomba aongeze msimbo wa kuzuia jambo hilo. Akakataliwa: wanaanga wamefunzwa, hawatakosea. Desemba 1968, katika safari ya Apollo 8, Jim Lovell akaita P01 kwa bahati mbaya wakiwa angani. Taarifa za mwelekeo wa chombo zikapotea, ikabidi zirudishwe kwa msaada wa watu wa ardhini. Unaniuliza mteja gani timamu? Mwanaanga.

Sasa tuzipitie zako. Kubonyeza "Lipa" mara saba: hiyo hata mimi nimeifanya, kwenye bodaboda, mvua inanyesha, kitufe hakibadiliki rangi wala hakizunguki kuonyesha kinafanya kazi. Nilijua vipi kama kimesikia? Ni ileile ya dada wa Sinza hapo juu, kavaa nguo nyingine. Nambari yenye nafasi katikati: mtu hakuiandika, ameinakili kutoka kwa jina lililohifadhiwa kwenye simu yake, lenye +254 na nafasi zake zote. Huyo yupo, tena ni wengi. Shilingi sifuri: hapa nakuunga mkono nusu. Ni kasoro, ila kama mfumo unaikataa mbele ya safari na hakuna anayepoteza kitu, inaweza kusubiri. Mwambie testa wako kila tiketi aiandikie vitu viwili, uzito wake na haraka yake, na asivichanganye. Jina la kampuni likikosewa ukurasa wa kwanza si zito, lakini ni la haraka. Hesabu inayokosea tarehe 29 Februari ni nzito, lakini kama mwaka ujao hauna tarehe hiyo mna muda wa kunywa chai. Matesta wengi, na mimi miaka yangu ya mwanzo nimo, huandika kila kitu "haraka sana", mpaka neno linachuja.

Na kwa kuwa unaandika kutoka Nairobi, nitakupa kipimo cha testa mzuri. Tazama kama ameshajaribu kumsajili Ng'ang'a. Ndiyo alama ileile iliyotutia hasara ya SMS, sasa ikiwa imenyooka. Kwa hifadhidata nyingi, alama hiyo ndiyo inayosema maandishi yameishia hapa. Msimbo ukiunganishwa ovyo, hifadhidata inaamini jina limeishia "Ng", mabaki inayasoma kama amri na kuchanganyikiwa. Mteja anaambiwa jina lake si sahihi, jina alilopewa na babu yake. Na mlango huohuo ndio wezi wa data wanaoupenda, wanaandika amri zao mahali pa jina. Huyo naye ni mtu asiyekuwepo? Kajaze fomu Kiambu uone.

Kitu kingine, halafu nikuache. Barua yako inasema "huirudisha". Maana yake testa anaiona kazi ikiwa imeiva. Nilikuwa na devu mmoja mwenye akili ya kivivu, namsifu. Kabla hajaandika mstari mmoja alikuja mezani kwangu na mchoro alioupiga kwenye karatasi ya kufungia maandazi, mafuta yamepenya mpaka upande wa pili, akauliza, "Bi, hii utaivunjaje?" Nilimtajia: nikizima simu hapa, nikiwa na laini mbili, nikiwa na salio pungufu kwa shilingi 1, jina likiwa refu kuliko kisanduku, nikirudi nyuma nikabadili kiasi. Alikuwa anaandika pembeni ya mafuta. Kazi ilipokuja kwangu wiki ile, nilihangaika siku nzima nikapata vitu viwili tu, na kimojawapo kilikuwa rangi. Aliringa mwezi mzima. Nilimwacha aringe, alistahili.

Mwite testa wako siku ya kuanza kazi, hata kwa robo saa. Atakuuliza maswali ya kijinga kabla hujayapenda majibu yako.

*

Bi Kasoro, nimempenda testa wa timu yetu na nafikiria kuposa. Je, akinikubali ataendelea kunijaribia kazi?
Devu wa Arusha

Mwombeni kiongozi wa timu ampe kazi zako mtu mwingine, na mwambieni sababu mapema, asiisikie jikoni. Mume wangu ni fundi magari na bado tunagombana kuhusu nani aliifungua tiketi kwanza. Kila la heri, na usipeleke barua ya posa Ijumaa jioni kama mnavyopenda kupeleka matoleo mapya.

*

Bi Kasoro, shikamoo. Tumetengeneza mfumo wa mauzo kwa kituo cha mafuta kinachofanya kazi saa 24. Nimeona mauzo ya saa 7 usiku yanaingia kwenye ripoti ya jana. Devu anasema seva inatumia saa za Greenwich, maelezo ya mahitaji ya mteja hayakutaja saa za wapi, kwa hiyo si kasoro. Mimi nasema ni kasoro. Tumebishana wiki mbili. Nani yuko sahihi?
Mbishi wa Dodoma

Marahaba. Devu ameeleza sawasawa: sisi tuko mbele ya Greenwich kwa saa 3, kwa hiyo siku ya seva inageuka kwetu ikiwa saa 9 usiku. Na wewe umeona sawasawa: muuza mafuta wa zamu ya usiku hajui Greenwich ni mtaa gani. Mlichokosea wote wawili ni kubishana wiki mbili juu ya kituo ambacho si chenu.

Mpigieni mwenye kituo. Msimuulize mambo ya seva. Muulizeni, "Siku yako ya mauzo inaisha saa ngapi?" Msishangae akisema saa 12 asubuhi, zamu zinapobadilishana na pampu zinaposomwa, kisha ikawa nyote wawili mmekosa, wewe wa saa 6 usiku na mwenzako wa Greenwich. Ndivyo ilivyonitokea mimi na kituo kimoja, baada ya ugomvi uliofika mpaka kwa mkurugenzi.

Atakachojibu kiandikeni kwenye tiketi, na nani kasema, na tarehe. Tarehe ya huku kwetu.